Chungu cha Shaba cha Qiaozhuang

Zhengzhou, 14 Septemba 1958

Kwako Shemeji Yunxiu,

Pokea heshima zangu. Naomba karatasi hii ikukute na afya, wewe na Hehua. Sisi huku wazima. Mke wangu Wenqing kikohozi kimempungua tangu joto lishuke, na mtoto ameota jino la pili. Viatu ulivyonishonea vimefika. Vinabana kidogo kidole gumba, lakini navivaa kila siku, kwa hiyo usianze kunisema.

Nimehamishwa kazi kwa muda. Siendi tena makumbusho asubuhi, naenda uwanja wa vyuma chakavu kando ya reli. Mikokoteni inashusha shaba na chuma kutoka vijiji vyote: masufuria, bawaba, kengele za mahekalu. Vyote vinaingia tanuri. Mimi na mzee Pang tumeruhusiwa kutembea juu ya rundo na kuokota vya kale kabla havijayeyushwa. Jana nimeokota mguu mmoja wa chungu cha miaka elfu tatu. Mguu tu. Chungu chenyewe kilikuwa kimeshapita.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya niandike. Kile chungu cha miguu mitatu alichokifukua baba shambani kwenye mtama, kile ambacho marehemu kaka alikuwa akiwekea mbegu, bado kipo chumba cha nafaka? Usikitoe, Shemeji. Wakija wakusanyaji waambie kuna mtu wa makumbusho atakifuata. Nakiandikia ombi. Na kama mkono wako unafika, papasa ndani, ubavuni, chini ya mdomo. Kuna maandishi?

Shemeji yako mdogo,
Jingyuan

*

Qiaozhuang, 9 Oktoba 1958

Jingyuan,

Hatujambo. Hehua ameongezeka kimo, suruali ya mwaka jana imekuwa ya kuvulia samaki. Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, simwombi tena mwalimu. Nikikosea herufi, cheka huko huko, nisikusikie.

Viatu havibani. Miguu yako ndiyo imezoea mji.

Hapa sasa sisi ni jumuiya. Hakuna anayepika kwake, tunakula wote katika jiko kubwa kwenye ukumbi wa mababu. Mwezi huu tumekula mpaka watu wamelala chini. Karai langu la chuma limeenda, kisu kimeenda, bawaba za mlango zimeenda, mlango tunauegemeza. Wanaume wote wako kwenye tanuri kilimani. Viazi vitamu viko ardhini, hakuna wa kuvichimba. Mtama umesimama shambani mpaka ndege wamechoka nao. Nilimwambia kiongozi wa kikosi chetu, Luo Changgui, "Changgui, chuma hakiliwi." Akaniambia, "Shemeji Ma, mimi nimesikia, na wewe hujasema." Ni mtu mzuri yule, ila anaogopa kivuli chake.

Kuhusu chungu. Walikuja na mkokoteni, watu wawili nisiowajua. Nikawaambia mume wangu alikivunja akauza vipande, miaka mingi iliyopita. Mmoja akasema, "Marehemu hawezi kuulizwa." Nikamwambia, "Kamuulize, kaburi lake liko pale kwenye mabua." Wakaondoka.

Usiulize kiko wapi. Ule uso wa mnyama ubavuni mwake bado unanitazama vilevile, yale macho mawili yaliyotokeza, pembe, pua, na hakuna taya la chini. Hehua alikuwa akipitisha kidole kwenye ile mizunguko midogo midogo iliyojaa nyuma ya uso, sasa hataki kukigusa. Anasema kinamsubiri afungue mdomo kwanza.

Maandishi yapo.

Ma Yunxiu

*

Zhengzhou, 20 Januari 1959

Shemeji,

Kheri ya mwaka unaokuja. Sisi wazima, baridi ni kali, makaa yanapatikana kwa foleni. Mtoto anatembea kwa kushika meza.

Maneno yako mawili ya mwisho hayakuniacha nilale vizuri. Ndani ya barua hii kuna karatasi laini na kijiti cha wino. Ilowanishe karatasi, ibandike juu ya maandishi, igonge kwa pamba mpaka izame kwenye mashimo, halafu pitisha wino juu kwa wepesi. Herufi zitabaki nyeupe. Fanya hivyo hivyo kwa uso. Mkono wako ulishona viatu, hautashindwa na hili.

Mwambie Hehua asikiogope. Vitabu vya kale vinamwita yule mnyama Mlafi. Kwa nini waliomfua walimweka kwenye vyombo vya kupikia nyama ya mababu, hakuna ajuaye kwa hakika. Wengine wanasema ni onyo kwa mlaji. Mimi naona ni kazi ya mikono tu, mikono iliyokuwa hodari kuliko yetu.

Ukitaka kukiweka salama, mahali pake ni makumbusho. Nyumbani si salama tena.

Mzee Pang hayupo. Amepelekwa shamba kwa masomo ya kujirekebisha. Uwanjani niko peke yangu.

Jingyuan

*

Qiaozhuang, 2 Aprili 1959

Jingyuan,

Barua yako ilifika ikiwa imefunguliwa na kufungwa tena kwa gundi ya ngano. Gundi nzuri sana, nimeilamba.

Sisi hatujambo. Tumeshiba. Kila mtu kijijini ameshiba. Bibi Tian wa jirani naye alishiba mno, tulimzika Jumatatu. Wajukuu zake wawili wameshiba pia, wamevimba miguu kwa shibe. Katika jiko kubwa uji umekuwa mwepesi, mtu anajiona ndani yake, kwa hiyo hatununui vioo.

Mwaka jana tulitangaza kwamba shamba moja limetoa mavuno ya mashamba kumi. Basi serikali imechukua sehemu yake ya mashamba kumi. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa na sina malalamiko.

Ninakutumia karatasi zako. Uso umetoka vizuri upande wa kushoto, kulia mkono ulitetemeka. Herufi ni sita au saba kwa mstari, mistari mitatu. Nimefanya mchana, Hehua akiwa ameketi mlangoni anaimba wimbo wa shule, akiona mtu aimbe kwa nguvu. Aliimba mara mbili. Mara zote alikuwa mbwa wa Luo. Huyo mbwa naye sasa hayupo.

Makumbusho hapana. Baba yako alikifukua, kaka yako alikitunza, mimi ndiye niliyebaki nacho. Mtu akiondolewa karai, mlango na kisu, hubaki na kitu kimoja asichotaka kutoa. Usiniulize tena.

Wenqing hajambo? Kikohozi?

Yunxiu

*

30 Agosti 1959

Shemeji,

Hatujambo wote. Mtoto ameanza kuita majina.

Nakala zako ni nzuri kuliko za wanafunzi wangu. Maandishi yanasema hivi: mtu aitwaye Ji alimtengenezea mama yake marehemu chungu hiki cha thamani, wana na wana wa wana wakitunze na kukitumia daima. Nimeyasoma mara nyingi. Najua sasa kwamba hakuna kingine kama hicho katika mkoa wetu.

Nimebadilisha anwani, utaona nyuma ya bahasha. Niko nje ya mji, kwenye shamba, nachimba mifereji. Hewa ni safi. Wenqing na mtoto wamebaki nyumbani. Nilisema jambo moja kwenye mkutano kuhusu rundo la shaba, halikuwa jambo kubwa. Watu wa hapa wananiuliza maswali na mimi nawajibu. Usiwe na wasiwasi.

Nakuomba tena kuhusu makumbusho. Safari hii nakuomba kwa dhati, Shemeji. Ingekuwa bora kitoke kwako kwa hiari yako.

Jingyuan

*

Qiaozhuang, 18 Desemba 1959

Jingyuan,

Barua hii haipiti posta. Anaibeba mwanamke aliyepewa kibali cha kumpeleka mgonjwa mjini, ameishona ndani ya bitana ya koti. Atamkabidhi Wenqing. Kwa hiyo leo nasema kama mtu asemavyo na nduguye.

Tunakufa. Katika nyumba arobaini na mbili, nyumba kumi na nane zimefungwa. Jiko kubwa halijatoa moshi tangu mwezi uliopita. Barabarani wamesimama wanamgambo, anayetoka kwenda kuomba anarudishwa kwa fimbo. Na ukiwa na kitu cha kutia kinywani huna cha kupikia, kwa sababu hakuna sufuria hata moja Qiaozhuang yote. Tulizigeuza madonge meusi yaliyorundikwa kilimani, hayafai hata kuzuia mlango. Watu wanatafuna magome ya mti yakiwa mabichi. Matumbo yanafunga.

Kisha wakaja kutafuta nafaka iliyofichwa. Wanasema nafaka ipo, wakulima wanaificha. Wana vyuma virefu, wanachoma sakafu. Walikuja kwangu watu wanne na katibu wa jumuiya, na Luo Changgui akiwaongoza kwa sababu ni kikosi chake. Chungu kilikuwa chini ya banda la nguruwe, nguruwe tulishamla zamani. Katibu akakaa uani, akampa Luo chuma, akamwambia, "Choma pale."

Luo akachoma. Jingyuan, kililia. Kililia kama kengele iliyofunikwa blanketi, nikaisikia kwenye meno. Hehua alinishika nguo. Luo alisimama na kile chuma mkononi, akatazama chini, halafu akasema, "Jiwe."

Katibu akasema, "Choma tena."

Akasogea hatua moja, akachoma pembeni, udongo tu. "Mawe matupu hapa," akasema. "Mume wa huyu alijaza mawe kuzuia matope."

Wakaenda. Siku ya tatu kulikuwa na ukungu, ule wa kutoona mkono wako. Luo akaja peke yake, akaketi kizingitini bila kunitazama. "Shemeji Ma, lile jiwe lako lina miguu mingapi?"

Nikamwita Hehua aingie ndani.

"Mimi nina ufunguo wa ghala la mbegu," akasema. "Ngano ya kupanda majira ya kuchipua. Nikiitoa nitapigwa. Nisipoitoa, atakayeipanda ni nani? Lakini ngano mbichi itawaua watoto. Nakosa chombo."

Nikamwambia, "Kina miguu mitatu."

Tulikitoa watu watatu, mimi, yeye na mkewe, Fengxian. Tulikisugua kwa majivu. Unajua ukubwa wake, kichwa cha ng'ombe kinaingia. Tunapika siku za ukungu tu, moshi usionekane kutoka barabarani. Nyumba kumi na moja zinakuja, kila nyumba mtu mmoja na bakuli moja, watoto kwanza. Hakuna anayezungumza. Unasikia tu vijiko. Yule mnyama amekuwa mweusi kwa masizi, macho yake tu ndiyo yanayong'aa kwa sababu moto unayagonga.

Hehua anatembea tena.

Uliniandikia kwamba wenyewe waliagiza kitumiwe. Basi tunakitumia. Usije ukaniambia kuhusu masizi.

Mwanamke huyu anaondoka sasa hivi. Mtu asijue. Nakuapisha kwa jina la kaka yako.

Yunxiu

*

Shambani, 11 Februari 1960

Shemeji,

Wenqing alikuja kunitembelea, akaileta barua yako katika soksi. Alikaa robo saa. Mtoto hajambo. Wenqing amekonda.

Nisikilize. Ukipata karatasi hii siku yoyote, saa yoyote, zima moto. Osha chungu. Kisugue mpaka masizi yote yatoke, ndani na nje, kwenye mizunguko tumia kijiti na kitambaa. Punje moja isibaki ndani. Kiweke chumba cha nafaka mahali pa wazi, ukitie udongo kama kitu kilichofukuliwa sasa hivi. Watakuja watu wawili kukichukua, mmoja ana miwani, ni mtu wa makumbusho, hana ubaya. Lakini katibu wa jumuiya yenu atafuatana nao. Wape bila neno. Waambie ulikuwa ukikitunza kwa ajili ya taifa.

Watakuja kabla ya ngano kuota. Siijui siku.

Usiniulize wamejuaje.

Jingyuan

*

Qiaozhuang, 19 Aprili 1960

Jingyuan,

Barua yako ya Februari imefika juzi. Wao walifika siku tisa kabla yake.

Nitakusimulia yote mara moja, sitarudia.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu. Chungu kilikuwa motoni, ndani kuna uji wa mwisho, mbegu zilikuwa zimebaki kiganja. Hehua alikuwa mlangoni, lakini haimbi tena siku hizi, na hao hawakuja kwa barabara, walikatiza shambani. Nilipogeuka, mlango ulikuwa umeondolewa na katibu amesimama ndani. Nyuma yake kijana wa miwani ameshika karatasi. Niliiona karatasi. Ilikuwa uso, upande wa kulia umetetemeka. Mkono wangu mimi.

Watu wa nyumba kumi na moja wamekaa na mabakuli. Hakuna aliyekimbia. Mtu hakimbii na tumbo lile.

Yule wa miwani alipiga magoti mbele ya chungu. Nadhani alisahau tulikuwepo. Alisema polepole, "Kipo kizima." Halafu akatazama ndani, akatutazama sisi, akavua miwani akaifuta, akaifuta tena.

Katibu alitumbukiza kijiko, akakiinua. "Hii ni ngano," akasema. "Ngano ya nani?"

Watu walishika mabakuli yao.

"Nauliza nani amepika mbegu za jumuiya."

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Luo Changgui akasimama kabla yangu, akaweka bakuli lake chini kwa uangalifu kana kwamba ni la kuazima. Akasema, "Ufunguo ni wangu. Chungu nilikifukua mwenyewe, nikamlazimisha mwanamke huyu akiweke kwake. Hawa nimewaita leo tu, mara ya kwanza. Nilikula mwenyewe siku zote."

Katibu akamtazama. Luo alikuwa mifupa iliyovaa koti. Mtoto angejua kwamba huyo hakula chochote siku zote. Kumbe kweli, baadaye Fengxian aliniambia, alikuwa akichukua bakuli lake akalipeleka kwa wajukuu wa marehemu Bibi Tian, akarudi analilamba kama ameshamaliza.

"Ulikula mwenyewe," katibu akasema.

"Nina tumbo kubwa," Luo akasema.

Mtu mmoja nyuma alicheka. Ndiyo, alicheka, kikohozi cha kicheko, halafu akaanza kulia.

Walimfunga mikono. Wakamwaga uji chini, kwa sababu ni ushahidi au kwa sababu hawakutaka uzito, sijui. Watu walilala kifudifudi wakaufuata kwenye udongo. Wakakipakia chungu kwenye mkokoteni, wakamfunga Luo nyuma ya mkokoteni huohuo. Kijana wa miwani alivua koti lake, nikadhani atampa. Alikifunikia chungu.

Luo alifia makao ya jumuiya siku ya nne. Wanasema homa. Walimrudisha akiwa amefungwa kwenye mkeka na Fengxian hakuruhusiwa kuufungua.

Niliulizwa mara mbili tu, wakaniacha. Mwezi huu wameleta viazi vikavu na jiko kubwa linatoa moshi. Hehua yu hai. Nyumba kumi na moja, amekufa mtu mmoja tu tangu Desemba, na huyo ni Luo.

Nakala ile nilikupa wewe. Sikuwapa wao. Nasubiri uniambie.

Yunxiu

*

Zhengzhou, 5 Novemba 1961

Shemeji Yunxiu,

Umepita mwaka na nusu na hujapata jibu. Si posta. Niliandika mara nyingi, nikachana.

Mimi niko nyumbani tangu Agosti, nimerudishwa makumbusho. Mtoto hajambo. Wenqing alifariki mwezi wa sita mwaka jana, kifua. Sikuwa naye.

Sasa nasema. Agosti ya 1959, kabla ya kukuandikia kuhusu maandishi, niliulizwa nina nini cha kuwapa kuonyesha kwamba nimejirekebisha. Nilikuwa nimechimba mfereji siku arobaini, nilikuwa navimba. Nikawapa nakala. Nikawaambia jina la kijiji na jina lako. Nilijiambia kwamba nakiokoa chungu, na kwamba kwako hakuna kitakachotokea, utapewa hata barua ya shukrani. Nilijua si kweli, kwa sababu nilikuandikia kitoke "kwa hiari yako" huku nikijua hiari haipo tena. Wenqing aliponiletea barua yako ya kwenye soksi, nilikwenda kwa mkuu wa shamba kuwazuia. Akasema faili limeshapelekwa. Nikarudi kwenye mfereji.

Chungu kiko kwenye kabati la kioo, ukumbi wa pili. Kimesafishwa. Nilikisafisha mimi, walinipa kazi hiyo siku ya kwanza. Ilinichukua wiki tatu. Kwenye macho ya yule mnyama, ndani kabisa ya mkunjo, kulikuwa na punje tatu za ngano iliyoungua. Nimezihifadhi, sijui kwa nini, sijamwambia mtu.

Nimetakiwa kuandika kibao cha maelezo. Nimeandika jina, zama, urefu na mahali kilipopatikana. Chini pana nafasi ya jina la aliyekitoa. Nimeiacha wazi.

Njoo ukione, Shemeji. Nitakutumia tiketi ya treni, wewe na Hehua. Wewe ndiye uliyenilea mama alipokufa, sina mwingine wa kumwambia nimekosa.

Jingyuan

*

Qiaozhuang, 1 Desemba 1961

Jingyuan,

Pole kwa Wenqing. Nililia. Alikuwa akiniandikia salamu pembeni mwa barua zako, herufi ndogo ndogo. Mtoto umfunge kifua vizuri wakati wa baridi, ana damu ya mama yake.

Hehua ana miaka kumi na mbili. Anasoma.

Sitakuja kukiona. Nimekiona cha kutosha.

Nimeisoma barua yako mara moja na kuiweka. Ungeniuliza mimi kama nimekusamehe, ningekujibu lolote ili tumalize, wewe ni mtoto niliyekuogesha. Lakini mimi sikupoteza mtu. Ninaye Hehua. Sisi ngano ilituokoa, na mbegu zile zililipiwa na mtu ambaye hukumjua hata sura.

Fengxian anaishi nyumba ya tatu kutoka kwangu na wanawe wawili. Kijijini anaitwa mke wa mwizi wa mbegu, ndivyo ilivyoandikwa kwenye kitabu cha jumuiya, na hakuna hata mmoja kati yetu sisi wa nyumba kumi na moja aliyethubutu kwenda kusema kiandikwe upya. Mimi pia sikuthubutu. Kila asubuhi tunakutana kisimani, ananisaidia kuinua ndoo, hasemi kitu. Anaamini kuna mtu wa kijijini aliyepeleka habari. Ameshawatazama wote, mmoja mmoja. Siku hizi ananitazama mimi.

Njoo wewe. Usilete zawadi. Teremka stesheni, tembea mpaka hapa kwa miguu, nitakuonyesha mlango, halafu mimi nitabaki nje.

Nimemwambia jana kwamba shemeji yangu wa mjini atakuja kabla ya mwaka mpya, ana neno naye. Hakuuliza neno gani. Aliweka ndoo chini, akakaa juu ya ukingo wa kisima, kisha akasema, "Aje asubuhi. Asubuhi watoto wako shule."

Ma Yunxiu